Kaskazini kwa Kupitia Kusini

Taipei na Shanghai zimekaa karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo, ule wa nyuzi 121 mashariki. Rubani akiruka kutoka uwanja wa Songshan, ulio ndani ya jiji la Taipei, akaielekeza pua ya ndege kaskazini na kuishikilia hapo, ana kilomita kama 680 za kusafiri juu ya Bahari ya China ya Mashariki kabla ya kufika Shanghai, karibu na pale mto Yangtze unapomwaga maji yake baharini. Ni umbali unaolingana na ule wa Dar es Salaam na Nairobi. Hata saa ya mkononi haina haja ya kuguswa, maana miji yote miwili inafuata majira yaleyale. Ndege ya leo huimaliza safari hiyo kwa dakika 80 hadi 90.

Lakini kwa karibu miaka sitini hakuna ndege ya abiria iliyoruhusiwa kuufuata mstari huo.

Aliyetaka kwenda Shanghai kutoka Taipei alianza kwa kuipa Shanghai mgongo. Alipanda ndege ya kwenda kusini-magharibi, kilomita 800 hivi, hadi Hong Kong. Akashuka, akapanga foleni, akasubiri, akapanda ndege nyingine, kisha akarudi kaskazini kilomita nyingine zaidi ya 1,200. Safari ya kilomita 680 ikawa ya kilomita 2,000 na ushei. Mtu alifungua kinywa nyumbani kwake Taipei na kufika Shanghai alasiri au jioni, na ndege zikichelewa, usiku. Hapakuwa na mlima wala jangwa la kukwepa. Kilichokuwepo ni vita vilivyokoma bila kumalizika.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945 na Taiwan kurudi mikononi mwa serikali ya China, shirika la ndege la CNAC liliiunganisha miji hiyo miwili. Lilitumia ndege za injini mbili za aina ya DC-3 na C-46, zilizokwenda kwa kasi ya kama kilomita 300 kwa saa, hivyo safari ilikuwa ya saa mbili na kitu. Waliosafiri walikuwa maofisa, wafanyabiashara na wachache wenye fedha. Wengine walikwenda kwa meli, kutoka Shanghai hadi bandari ya Keelung, kaskazini ya Taiwan.

Meli hizo ndizo zilizojaa watu wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaelemea watu wa Chiang Kai-shek, kiongozi wa upande uliopigana na Wakomunisti. Tarehe 27 Januari 1949, siku mbili kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, meli iliyoitwa Taiping iliondoka Shanghai ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na ilisafiri bila taa kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Karibu na visiwa vya Zhoushan iligongana na meli ya mizigo, zikazama zote mbili. Waliokufa walizidi 1,000. Mwezi Novemba mwaka huohuo, ndege 12 za mashirika mawili ya China ziliondoka uwanja wa Kai Tak, Hong Kong, zikaenda Beijing na Tianjin kujiunga na serikali mpya ya Wakomunisti. Tarehe 10 Desemba Chiang mwenyewe alipanda ndege mjini Chengdu kwenda Taiwan, na hakurudi tena China Bara.

Waliovuka naye, askari na raia, wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 1 na milioni 2. Wengi walidhani ni suala la miaka michache. Kulikuwa na vijana waliochukuliwa jeshini njiani, wengine wakiwa bado wanafunzi, ambao hawakupata hata nafasi ya kuwaaga wazazi wao. Walipofika kisiwani walikuta sheria ya kijeshi iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei 1949, na iliyodumu hadi Julai 1987. Serikali iliwawekea askari masharti ya ndoa, kwa kuwa siku yoyote wangetakiwa kwenda kuikomboa Bara. Siku hiyo haikufika, na wengi wao walizeeka bila mke wala mtoto.

Barua nazo zilizunguka. Kumwandikia mama aliye Bara lilikuwa kosa linaloweza kumpeleka mtu jela, kwa hiyo aliyethubutu alimtumia ndugu au rafiki aliyekuwa Hong Kong, Japani au Marekani, naye akaitia barua katika bahasha nyingine na kuituma upya. Hapa ndipo Hong Kong ilipoanza kuwa mlango wa uani wa nyumba iliyogawanyika, miaka mingi kabla ya abiria wa kwanza kuruhusiwa kuupita.

Tarehe 1 Januari 1979 Beijing ilitoa ujumbe kwa watu wa Taiwan ikipendekeza mawasiliano ya posta, biashara, na usafiri wa meli na ndege. Siku hiyohiyo yalikoma makombora yaliyokuwa yakirushwa kutoka Bara hadi Kinmen, kisiwa kilicho chini ya Taiwan, tangu mwaka 1958. Jibu la rais wa Taiwan, Chiang Ching-kuo, mwana wa Chiang Kai-shek, lilikuwa na makatao matatu: hakuna kuwasiliana, hakuna kujadiliana, hakuna kulegeza msimamo.

Aliyelitikisa jibu hilo ni rubani mmoja. Tarehe 3 Mei 1986, Wang Hsi-chueh, mzaliwa wa Sichuan, alikuwa akiiongoza Boeing 747 ya mizigo ya China Airlines, shirika la Taiwan, kuelekea Hong Kong. Badala ya kutua Hong Kong aliwadhibiti wenzake wawili, akaipeleka ndege Guangzhou, akasema anataka kubaki na jamaa zake. Taipei ilijikuta pagumu: ndege yake na watu wake wawili wako upande ambao imeapa kutozungumza nao. Mwishowe ikasema kwamba hayo ni mambo ya kampuni mbili za ndege tu, na wawakilishi wa kampuni hizo wakakaa mezani Hong Kong. Tarehe 23 Mei ndege na wale wafanyakazi wawili wakarudishwa. Hayo yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya wazi kati ya pande hizo mbili tangu 1949, na mbinu ile ya kuwatanguliza watu wa kampuni na vyama mahali ambapo serikali haziwezi kukaa uso kwa uso ilitumika tena na tena kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mwaka uliofuata wazee wenyewe waliingia barabarani. Wakiongozwa na askari mstaafu Ho Wen-te, walivaa fulana zilizoandikwa maneno mawili ya Kichina yenye maana ya kuikumbuka nyumbani, wakagawa karatasi, wakasukumwa na kutukanwa, wakarudi tena kesho yake. Walichodai hakikuwa siasa. Walitaka kujua kama mama zao bado wako hai na, kama hawako, makaburi yao yako wapi. Mwezi Oktoba 1987 serikali ililegea. Kuanzia tarehe 2 Novemba, mwenye ndugu wa karibu Bara angeweza kwenda kumwona mara moja kwa mwaka, kwa muda usiozidi miezi mitatu, ilimradi asiwe mtumishi wa serikali wala askari aliye kazini. Siku hiyo umati ulifurika kwenye ofisi ya Chama cha Msalaba Mwekundu mjini Taipei, mahali pa kujiandikishia.

Ruhusa ilipatikana, ila njia ya moja kwa moja haikuwepo. Mzee wa miaka 65, ambaye pengine hajawahi kupanda ndege ya abiria maishani, alitua Kai Tak na mabegi yake, akatafutiwa hati ya kuingilia Bara, iliyotolewa Hong Kong na shirika la safari la China, kisha ndipo akaunganisha ndege ya pili au treni. Wengi walibeba pete za dhahabu za kuwagawia ndugu wasiowajua kwa sura. Anayewaza safari hizo asifikirie saa za angani peke yake. Afikirie ngazi, korido, kaunta za maofisa, lugha ya Kikantoni ambayo mzee wa Shandong haielewi, na hofu ya kupoteza karatasi moja tu kati ya zile alizozisubiri miaka 38.

Kao Ping-han, ambaye Bara jina lake huandikwa Gao Binghan, alikuwa na miaka 13 alipoondoka kwao Heze, mkoa wa Shandong. Kule Taiwan akawa hakimu, kisha wakili. Mama yake alifariki bila kumwona tena. Njia zilipofunguka, wazee wenzake waliokuwa hawana mtu walianza kumwomba jambo moja: nikifa, nirudishe. Kuanzia miaka ya 1990 akawa akibeba majivu yao kwa mikono yake, chungu kwa chungu, akivuka nayo vizuizi vya viwanja vya ndege kama mzigo wa mkononi, hadi kijiji alichotoka marehemu. Alirudisha zaidi ya mia moja. Vyungu vile ni vizito, na Kao mwenyewe alikuwa anazeeka. Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa wazee hawa, marejeo hayo yalipita kwenye ukumbi wa kuunganishia ndege wa Hong Kong.

Njia hiyo ya Taipei na Hong Kong ikawa mojawapo ya njia za ndege zenye abiria wengi kuliko zote duniani, na watu wa usafiri wa anga waliiita njia ya dhahabu. Baada ya wazee walikuja wenye viwanda. Miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Taiwan walimiminika Bara kutafuta ardhi na vibarua vya bei nafuu, na mji wa Kunshan, magharibi tu mwa Shanghai, ulijaa viwanda vyao vya kompyuta hadi ukaitwa Taipei ndogo. Watu hawa walisafiri kila mwezi, wengine kila wiki. Macau nayo ilipofungua uwanja wake wa ndege mwishoni mwa mwaka 1995 iliingia kwenye biashara hiyo kwa ujanja mzuri: abiria walishuka Macau, ndege ikabadilishwa namba ya safari, kisha wakaendelea kwenda Bara kwa ndege ileile.

Kuzunguka kulikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye tiketi. Tarehe 25 Mei 2002, Boeing 747 ya China Airlines, safari namba 611 kutoka Taipei kwenda Hong Kong, ilikatika vipande angani karibu na visiwa vya Penghu, dakika kama ishirini baada ya kuruka. Watu wote 225 walikufa, wakiwemo watu wa misafara ya watalii waliokuwa wanakwenda Bara kwa kupitia Hong Kong. Wachunguzi waliifuata hitilafu hadi Februari 1980, ndege hiyo ilipogusisha mkia chini wakati wa kutua Kai Tak. Bati lililokwaruzwa lilipaswa kukatwa na kuondolewa, lakini lilifunikwa kwa bati jingine tu. Chini ya kiraka hicho metali ilichoka, ufa ukatambaa kidogo kidogo kwa miaka 22. Kosa lile lingeweza kuiangusha ndege hiyo kwenye njia yoyote. Kwa wale wa msafara wa Bara, ilikuwa njia ambayo ramani haikuwadai kuipita.

Miezi mitano baada ya ajali hiyo mbunge Chang Hsiao-yen, mjukuu wa Chiang Kai-shek, alipendekeza kwamba wafanyabiashara wa Taiwan walioko Shanghai wakodishiwe ndege maalumu za kuwarudisha nyumbani kwa Mwaka Mpya wa Kichina. Pande zote mbili zilikubali, kwa sharti: lazima ndege itue Hong Kong au Macau. Alfajiri ya tarehe 26 Januari 2003, Boeing 747 ya China Airlines iliondoka Taipei bila abiria, ikashuka Hong Kong, magurudumu yakagusa ardhi, ikakaa kidogo na kuruka tena. Kabla ya saa tatu asubuhi ilikuwa imetua uwanja wa Pudong, Shanghai. Ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria ya Taiwan kutua Bara kwa ruhusa tangu 1949. Ikapakia wenye viwanda na familia zao na kurudi kwa njia ileile ya kuzunguka, na kutua Hong Kong kwa mara nyingine, ingawa hakukuwa na abiria wa kushuka wala wa kupanda.

Mwaka 2004 hakukuwa na makubaliano. Januari 2005 wawakilishi wa vyama vya usafiri wa anga walikutana Macau, na tarehe 29 mwezi huo ndege ya China Southern kutoka Guangzhou ikatua Taipei, ya kwanza kutoka Bara kutua huko kwa ruhusa kwa zaidi ya nusu karne. Safari hii hapakuwa na haja ya kutua katikati. Sharti lililobaki lilikuwa la angani.

Anga la dunia limegawanywa katika maeneo, na kila eneo lina kituo cha waongoza ndege wanaomwambia rubani apite wapi na kwa kimo gani. Ndege ikitoka eneo moja kwenda jingine, kituo cha kwanza huikabidhi kwa cha pili. Taipei na Shanghai ni majirani, lakini vituo vyao havikuwa vikizungumza moja kwa moja. Kwa hiyo kila ndege ilipaswa kushuka kusini hadi anga la Hong Kong, ikabidhiwe kwa waongoza ndege wa huko, ndipo wao waikabidhi Bara. Abiria aliyekaa dirishani aliyaona mawingu tu. Ndege ilichoma mafuta kwa zaidi ya kilomita 1,000 za ziada kwa sababu watu wa vyumba viwili hawakuruhusiwa kupigiana simu.

Ma Ying-jeou aliposhika urais wa Taiwan tarehe 20 Mei 2008, mambo yalikwenda haraka kuliko wengi walivyotarajia. Makubaliano yalitiwa saini Beijing mwezi Juni, na Ijumaa ya tarehe 4 Julai zikaanza safari za mwisho wa wiki, 36 kwa wiki kwenda na kurudi. Ya kwanza ilitoka Guangzhou, na aliyeketi kwenye kiti cha rubani alikuwa Liu Shaoyong, mwenyekiti wa China Southern mwenyewe. Ndege ilipokuwa ikiingia maegeshoni kwenye uwanja wa Taoyuan, karibu na Taipei, magari ya zimamoto yaliimwagia maji kwa heshima. Hata hivyo ilikuwa imepita kwenye anga la Hong Kong, na ndege za Taipei na Shanghai nazo bado zilizunguka, angani kwa zaidi ya saa mbili na nusu.

Makubaliano ya pili yalitiwa saini Taipei tarehe 4 Novemba. Yalivipa vituo vya Taipei na Shanghai mawasiliano yao wenyewe, yakachora njia mpya kaskazini ya kisiwa. Tarehe 15 Desemba 2008 ndege zikaifuata. Siku hiyohiyo barua na meli nazo zikaruhusiwa kwenda moja kwa moja, yale yote yaliyopendekezwa Januari 1979. Safari ya Shanghai ikapungua kwa saa nzima na zaidi. Askari aliyefika kisiwani mwaka 1949 akiwa na miaka 20 alikuwa sasa na miaka 79.

Kutoka hapo idadi ilipanda: safari 108 kwa wiki Desemba ile, 270 zilipokuwa za ratiba ya kawaida kuanzia Agosti 2009. Tarehe 14 Juni 2010 ilifunguliwa njia ambayo wasafiri wa kazi waliisubiri zaidi, ya Songshan na Hongqiao ya Shanghai, viwanja viwili vya zamani vilivyo karibu na katikati ya miji. Mtu angeweza kuondoka ofisini Taipei asubuhi, akahudhuria mkutano Shanghai, na kulala nyumbani kwake.

Anga lenyewe limebaki mahali pa kuvutana. Januari 2018 Beijing ilianza kutumia upande wa kwenda kaskazini wa njia iitwayo M503, iliyo karibu na mstari wa katikati ya Mlangobahari wa Taiwan, bila kukubaliana na Taipei, na Taipei ikakataa kuidhinisha safari za nyongeza za Mwaka Mpya za mashirika mawili yaliyokuwa yakiitumia. Februari 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Taiwan ilipunguza viwanja vya Bara vinavyofikiwa na ndege zake hadi vile vya Beijing, Shanghai, Xiamen na Chengdu. Guangzhou, iliyotoa ndege ya kwanza mwaka 2005 na tena mwaka 2008, haikuwemo. Hadi Machi 2023, Mtaiwani mwenye kiwanda Guangzhou aliyetaka ndege ya moja kwa moja kwenda nyumbani ilimpasa kwanza asafiri hadi mji mwingine. Shanghai ilibaki kwenye orodha muda wote, na ndege chache zilizosalia ziliendelea kuruka kuelekea kaskazini, dakika 80 hadi 90, bila kupita Hong Kong.